Barito: Mto Unaolimwa kwa Maji Kujaa na Kupwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wamalagasi, majirani zetu wa ng'ambo ya maji, huhesabu telo, efatra, dimy. Kusini mwa Borneo, kisiwa kikubwa cha Asia ya Kusini-Mashariki, kando ya mto Barito, Wamaanyan huhesabu telo, epat, dime. Mwaka 1951 mwanaisimu wa Norwe, Otto Christian Dahl, alionyesha kwamba lugha hizo mbili ni ndugu wa karibu. Ndiyo sababu nimeuchagua mto huu.

Barito huanzia Milima ya Müller, ukateremka kiasi cha kilomita 900 hadi Bahari ya Java. Wengi wa bara ni Wadayak, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho. Jina la kabila moja kubwa, Ngaju, maana yake ni "juu ya mto". Kule chini, kwenye mji wa Banjarmasin, wapo Wabanjar, Waislamu, mafundi wa biashara na wa mpunga.

Hapa kwenye mpunga naomba tukae kidogo. Nchi ya chini ni tambarare mno, hivyo bahari ikijaa huyarudisha nyuma maji ya mto, nayo, yakiwa bado maji baridi, hupanda mifereji mpaka mashambani. Yakipwa, huondoka na ukali wa udongo. Miche huatikwa, ikahamishwa, ikahamishwa tena, hadi iwe mirefu ya kutosha kusimama majini. Magugu hufyekwa kwa tajak, chombo cha kufyekea cha huko, wala hakuna anayelima kwa kupindua ardhi: chini kuna udongo ambao ukikutana na hewa hutoa asidi inayoua mpunga.

Mwaka 1995 serikali ya Suharto, rais wa Indonesia, iliamuru hekta milioni moja za vinamasi, magharibi mwa Barito, zigeuzwe mashamba. Ikachimbwa mifereji ya maelfu ya kilomita, mingi ikikata katikati ya udongo wa mizizi na majani yaliyooza nusu. Maji yakatoka, udongo ukakauka. Ukame wa 1997 ulipoingia, moto ukawaka hadi chini ya ardhi, na moshi ukavuka mipaka. Inaniuma kila nikilisimulia hili, maana wajuzi wa maji walikuwa hapo hapo, ukingoni.

Tajak ndiyo hii niliyokuja nayo. Inafanana na fyekeo zetu, ila bapa lake ni refu na limepinda. Ipitisheni mkono kwa mkono, muone jinsi inavyolala juu ya udongo bila kuuchimba.