Damu inatoka tangu asafishwe kizazi, usikubali asafishwe tena kabla ya dopla

Mwanaisha: Asalaam alaykum, tuko hapahapa Ngamiani, Tanga. Rukia, anza na ile ya wifi yako maana jana ulivonihadithia sikulala.

Rukia: Mimba ilitoka na miezi mitatu, akasafishwa, tukajua yameisha. Wiki ya tano damu hiyoo, inamwagika mpaka kwenye godoro, halafu inakata yenyewe, siku nne kimya, mara inafunguka tena. Mama akasema hawakumsafisha vizuri huyu, arudi wamsafishe.

Mwanaisha: Hapo ndo pa kuogopa sana mdogo wangu. Kawaida damu inatoka kwenye ateri, inapita vimishipa vyembamba vinavyoipunguzia presha, ndo inaingia kwenye vena. Sasa kizazi kikishakwanguliwa au kikipasuliwa kwa uzazi, wakati wa kupona ateri na vena zinaweza kuungana zenyewe, linakuwa fundo la mishipa, presha yote inaingia pasipoweza kuhimili. Ukikwangua tena pale unalipasua.

Rukia: Yaani kinachotakiwa kumponya ndo kinamwaga damu yote!

Mwanaisha: Ndo maana nasema dopla kwanza. Ni ultrasaundi ileile ila inaonyesha damu inavyokimbia, ukiona pale rangi zimevurugika na damu inakwenda mbio basi daktari anashtuka. Na kipimo cha mimba cha damu kipimwe, maana mabaki ya mimba au mimba zabibu, ile isiyokuwa mtoto, vinaweza kufanana na hilo fundo.

Rukia: Wifi walimwambia kizazi kitolewe. Ana miaka 26, hana hata mtoto, kaka yangu alikaa nje kwenye benchi analia.

Mwanaisha: Kuna wakati kutoa kizazi ndo kunaokoa uhai, hilo nalisema wazi. Ila ipo njia ya kuziba mshipa kwa ndani. Unachomwa ganzi kinenani au mkononi, wanatoboa tundu dogo, wanapitisha mpira mwembamba ndani ya ateri huku wanauangalia kwa eksirei mpaka kwenye ateri za kizazi, kulia na kushoto, wanaachia vichembe au gundi, fundo linakosa damu. Kizazi kinabaki. Njia hii ndo daktari Jacques Ravina wa Ufaransa na wenzake waliielezea mwaka 1995 kwa wenye uvimbe wa kizazi.

Rukia: Na maumivu?

Mwanaisha: Yapo, na homa kidogo siku za mwanzo, na wengine inabidi warudie. Wapo waliozaa baadae lakini hakuna wa kukuahidi, ukae na daktari wako muongee. Na mafundo mengine madogo yanajifunga yenyewe, mtu anaangaliwa tu.

Rukia: Sisi tulikwenda Muhimbili, njia hiyo wanaita tiba radiolojia, wakufunzi kutoka Marekani walianza kuja 2018 na sasa wapo wataalamu wetu wenyewe. Lakini kilomita kama 350 na mtu anatoka damu, Mwanaisha, ile safari sitaki kuikumbuka, kila tukifika stendi namuuliza unanisikia?

Mwanaisha: Kwa hiyo wanaotusikiliza, damu ikijaza pedi ndani ya saa moja au mtu anaona kizunguzungu, hospitali ya Bombo hapa Tanga kwanza aongezewe maji na damu, safari baadae.

Rukia: Ndo alivofanyiwa, chupa mbili. Kule Dar wakaziba, ikakata. Aliondoka na pakti nne za pedi, karudi na tatu hazijafunguliwa, kampa mdogo wake.