Mieleka kwenye kompyuta: jinsi ya kumkuza kijana kutoka pambano la kufungulia mpaka mkanda wa ubingwa

Habari zenu wadau wa mieleka, karibuni tena. Natokea hapa Kirumba, Mwanza, na hizo kelele mnazosikia nyuma yangu ni za soko la Mwaloni, magari ya dagaa yanapakia. Sauti yangu ikipotea kidogo, ongeza sauti ya simu yako, kwa sababu leo tunagusa jambo ambalo wengi mmekuwa mkiniuliza: kwa nini kijana uliyemsajili kwa matumaini makubwa anakaa miezi na miezi na hapandi.

Tunatumia Total Extreme Wrestling, toleo la 2020. Kwa mgeni wa mchezo huu, humo ndani hupigani wewe. Wewe ndiye mwenye kampuni. Unasajili wanamieleka, unapanga nani akutane na nani, nani ashinde, nani ashike maiki, halafu kompyuta inakuletea matokeo. Aliyeutengeneza ni Adam Ryland wa Uingereza, aliyeanza na mchezo wa Extreme Warfare mwaka 1995, na mpaka leo kazi yake imebaki ya maandishi na namba. Hakuna picha nzito za mapigano, kwa hiyo laptop ya kawaida yenye Windows inaubeba bila shida.

Haya, tuanze. Fungua faili lako, nenda kwenye orodha ya wanamieleka wako, bonyeza jina la kijana unayetaka kumkuza. Mimi namfungua huyu hapa, nimemtengeneza mwenyewe kwenye sehemu ya kuhariri, jina lake la ulingoni ni Sangara. Mtu mkubwa, mzito, uso wa kutisha. Yuko kwenye kampuni ndogo inayofanya shoo zake eneo la Great Lakes kule Marekani. Nimechagua huko kwa makusudi, maana sisi wa Maziwa Makuu lazima tuwe na kampuni Maziwa Makuu.

Tazama namba zake, zote zinahesabiwa kuanzia 0 mpaka 100. Kurusha ngumi na mateke, 48. Pumzi, 60. Akili ya ulingoni, pale palipoandikwa Psychology, 31. Kuongea kwenye maiki, 22. Kutisha, 64. Na umaarufu wake Great Lakes ni 9.

Simama hapo. Watu wengi wanasoma namba hizi zote kama kitu kimoja, na hapo ndipo kijana anapopotea. Ufundi una njia yake ya kukua, umaarufu una njia yake. Waliowahi kufika Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita, wananielewa haraka. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, na ushindi unakwenda kwa upande uliovuta watu wengi. Mchezaji anaweza kuwa na hatua safi kuliko wote uwanjani, lakini watu wakahama kwenda kumtazama yule aliyetoka na chatu. Mchezo huu unafanya kazi vilevile. Kijana wako anaweza kuwa fundi kabisa na ukumbi ukabaki kimya akiingia.

Hatua ya kwanza basi: kabla hujapanga pambano lolote, rudi kwenye ukurasa wa kampuni yako usome aina ya shoo unayofanya. Kuna kampuni ambazo alama za pambano zinatoka zaidi kwenye ufundi wa ulingoni, na kuna ambazo zinatoka zaidi kwenye umaarufu wa majina. Ukiwa kwenye kampuni ya majina, fundi asiyejulikana atakupa alama ndogo hata akipigana vizuri namna gani. Ukiwa kwenye ya ufundi, unaweza kumpandisha haraka kwa mapambano peke yake. Kampuni yangu hii inaegemea ufundi, kwa hiyo Sangara ana mlango.

Hatua ya pili ndiyo ninayotaka mkae nayo leo: nani wa kumpangia.

Ufundi unakua kwa kupigana, na unakua vizuri zaidi akipigana na mtu anayemzidi. Huo ndio moyo wa mchezo huu. Ukimpa Sangara vijana wenzake kila wiki, wote wa 30 na 35, wataendelea kuzunguka palepale. Kwa hiyo nenda sokoni, kwenye orodha ya wasio na mkataba, tafuta mkongwe. Usimtafute kwa umaarufu, umaarufu wa mkongwe ni gharama. Panga orodha kwa kufuata Psychology, kutoka juu kushuka chini. Utaona majina ya watu wa miaka 40 na kitu, mwili umechoka, umaarufu umeshuka, lakini akili ya ulingoni iko 80 na zaidi. Hao ni dhahabu. Malipo yao kwa shoo ni madogo ukilinganisha na wanachokuletea. Kabla hujamsaini angalia na Safety, yaani anavyomlinda mwenzake asiumie. Mwalimu asiye salama atakuvunjia kijana, na ukae ukimsubiri apone.

Mimi nimemsaini mmoja, akili yake 83, usalama 79. Tupange pambano. Bonyeza shoo ijayo, ongeza pambano la mtu mmoja kwa mmoja, Sangara na mkongwe. Sasa dakika. Dakika tatu hazimfundishi kitu, lakini ukimpa 25 na pumzi yake ni 60, atachoka katikati na alama zitaanguka. Naweka 12. Mshindi ni mkongwe. Ndiyo, kijana anapoteza, nitawaeleza sababu. Halafu kwenye maelekezo ya pambano, upande wa Sangara, weka alama kwenye ile ya kumlinda aliyeshindwa, Keep Strong, ili aonekane amepambana kiume. Endesha shoo.

Angalia ripoti. Pambano limepata 41. Soma maneno yaliyo chini ya namba, msiishie kwenye namba. Inasema Sangara alianza kuonekana amechoka mwishoni. Kwa hiyo wiki ijayo tunashuka mpaka dakika 10, na tutapanda pole pole pumzi ikiongezeka. Na kama ripoti ingesema wawili hawa hawaelewani ulingoni, ningeacha kuwakutanisha hapo hapo. Kuelewana kwa watu wawili kumefichwa, hukuoni mpaka wapigane, na mkiwa na bahati mtapata wawili wanaoelewana sana. Hao waandike kwenye daftari, ni mapambano makuu ya mbele.

Sasa rudi kwenye hiyo 41 na umlinganishe nayo Sangara mwenye umaarufu wa 9. Hapa ndipo umaarufu unapozaliwa. Mtu akishiriki kipande cha shoo kilichopata alama kubwa kuliko umaarufu wake, mashabiki wanaanza kumtambua, hata kama ameshindwa. Na kupoteza kwa mtu mkubwa kuliko wewe hakukuangushi kama kupoteza kwa mdogo wako. Nataka mlielewe hili kwa dhati, kwa sababu vibanda umiza vimetuzoesha kumshangilia anayeinuliwa mkono tu. Kwenye mchezo huu kijana anaweza kupoteza mapambano matano mfululizo na akawa amepanda, kwa sababu yote matano yalikuwa mazuri na dhidi ya watu wazito. Na mwingine akashinda kumi dhidi ya wasiojulikana, asisogee hata hatua.

Lakini si kupoteza daima. Kuna kile kipimo cha upepo wa mtu, Momentum, na hicho kinataka ushindi. Kila baada ya mapambano mawili matatu ya kujifunza, mpe Sangara mtu mdogo ammalize haraka, dakika nne tano, ushindi wa kutawala. Mtu mkubwa mwenye sura ya kutisha anauzwa hivyo.

Tuhamie kwenye maiki. Namba ya Sangara ni 22, na nimewaona wengi wakimshikisha mtu wa 22 maiki dakika nane, halafu wanashangaa kipande kimeanguka. Nenda kwenye kutengeneza tukio lisilo la pambano. Kila mshiriki unaamua apimwe kwa kigezo gani: kuburudisha, umaarufu, kutisha, kuigiza na mengine. Sangara mpime kwa kutisha, ile 64 yake. Mwekee meneja anayejua kuongea, huyo ndiye apimwe kwa kuburudisha. Picha iko hivi: meneja anatukana mji, anataja jina la mpinzani, Sangara amesimama nyuma amekunja mikono hasemi neno. Tukio linapata alama nzuri, na alama hizo zinamfaidisha kijana.

Lakini usimwache bubu milele. Maiki haikui kwa mtu asiyeishika. Kwenye shoo ndogo, ambapo kuanguka hakutaumiza kampuni, mpe dakika mbili apimwe kwa kuburudisha. Itakuwa mbaya mwanzoni, vumilia. Baada ya muda ile 22 inaanza kusogea. Kwa mvuto wa asili wa nyota, Star Quality, usijipe matumaini makubwa, huo mtu karibu amezaliwa nao. Mkisajili, mvuto ndiyo namba ya kuitazama kwanza, kwa sababu mengine mnaweza kuyafundisha.

Hatua inayofuata ni bifu. Pambano lisilo na kisa ni pambano tu. Fungua sehemu ya visa, anzisha kipya, muingize Sangara na steringi wa kampuni, yule mashabiki wanayempenda. Sangara ni adui, na awe adui kweli: kwa sasa umbo lake na meneja wake vinafanya kazi upande huo. Kisa kina joto lake, na joto linapanda kwa matukio mazuri na mapambano mazuri yanayowahusisha wote wawili. Wiki ya kwanza tukio la vurugu nyuma ya jukwaa. Wiki ya pili Sangara anamshinda rafiki wa steringi. Wiki ya tatu meneja anaongea. Steringi na Sangara wasikutane mmoja kwa mmoja mpaka joto limepanda, mkiharakisha mtakuwa mmeuza pambano kuu kwa bei ya pambano la kufungulia. Pambano lenyewe likifika na steringi akashinda kihalali, Sangara atatoka amepanda. Sangara akishinda kwa hila, kwa meneja kuingilia, steringi wako hashuki sana na bifu linaendelea. Hila kama hizo msizirudie kila shoo kuu, kuna kampuni ambazo mashabiki wake wanachukia.

Sasa hapa kuna ukuta ambao unawakatisha wengi tamaa. Umaarufu wa Sangara umefika 30 na kitu Great Lakes, halafu umegoma. Mtu anabadilisha jina, anabadilisha nguo, anamgeuza steringi, haisaidii. Sababu ni kampuni. Kampuni ndogo haiwezi kumfanya mtu awe mkubwa kupita uwezo wake yenyewe. Hata ukimshindisha kila wiki, dari ni dari. Na umaarufu unahesabiwa eneo kwa eneo: jina likiwaka Great Lakes, majirani wanapata cheche kidogo, lakini Japani hakuna anayemjua. Fungua ukurasa wa umaarufu wake eneo kwa eneo mjionee.

Una njia mbili. Ya kwanza, kuza kampuni, shoo bora mfululizo, na kijana apande pamoja nayo. Ya pili, mruhusu afanye kazi kwingine kwa mkataba usiomfunga. Wengi wanaogopa hili, na ninawaelewa, umemlea mwenyewe halafu mwingine amtumie. Ila akipigana eneo jingine na watu wengine wazuri, anarudi na umaarufu wa kule na ufundi usioweza kumpa hapa. Soma tu mkataba vizuri kabla ya kubonyeza kukubali, na ukiona kampuni kubwa inamnyemelea, msogelee na mkataba mpya mapema.

Na kuhusu mwili, kwa ufupi: kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu kila kimoja kina hali yake. Kila mwezi vifungue. Ukiona kimoja kinashuka, mpumzishe au mweke kwenye timu ya watu wawili, mwenzake abebe dakika nyingi. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo sevu kabla ya kila shoo.

Mkanda lini? Mimi nampa kijana mkanda pale umaarufu wake unapokuwa karibu na wa mtu anayemvua, na akili yake ya ulingoni imevuka 55 hivi, ili aweze kubeba pambano kuu la dakika 20 bila mkongwe wa kumwongoza. Sangara leo yuko 52. Kwa hiyo shoo hii tunayoipanga sasa anakutana tena na yule yule mkongwe, dakika 16, na safari hii mshindi ni Sangara, kihalali, katikati ya ulingo. Mkongwe amebakiza mkataba wa miezi miwili, na kwa kuwa namba zake za mwili zinashuka kila mwezi, umaarufu uliobaki kwake nataka uhamie kwa kijana kabla hajastaafu. Bonyeza mshindi hapo juu, weka dakika, ondoa meneja pembeni ya ulingo, kisha endesha shoo.