Mkija Lushoto, Laleni
(Mhadhara kwa vikundi vya matembezi, Tanga mjini)

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Lushoto mnaijua, sitawapotezea muda na habari za hewa safi. Wengi wenu mmeshapanda zile kona za kutoka Mombo hadi Soni, na picha za ukingo wa Irente mnazo kwenye simu. Nimekuja na neno lile lile ninalolisema kila mwaka: mkija, laleni. Na mkilala, tembeeni kwa miguu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikuwa Irente. Saa tano zikaingia kosta mbili, watu wametoka Dar es Salaam usiku. Wakashuka, wakasogea ukingoni, pale mlima unapokatika karibu mita 1,000 mpaka Mazinde na mashamba ya mkonge yametandazwa chini kama mkeka. Wakapiga picha. Nikatazama saa: dakika 25! Chakula walikuja nacho kwenye mahotipoti, maji kwa katoni, yote ya Dar. Wakapanda magari, wakateremka. Pembeni alikuwa amekaa kijana mwongozaji, na fimbo yake na mabuti, anasubiri tangu saa moja. Karibu naye mama mmoja na ndoo ya plamu. Plamu haikai, mnajua. Ikiiva leo, kesho kutwa unamwaga. Yule mama akajitwika ndoo yake, nzito vile vile alivyokuja nayo. Niliumia, na nikisimulia naumia tena.

Mtaniambia: sisi ni wageni tu, tumekuja kupumzika. Haya, tuzungumze habari za mgeni. Wasambaa mliomo humu mnivumilie, hadithi hii mmeinyonya kwa mama zenu. Mbegha alikuwa mgeni. Mwindaji wa kutoka milima ya Nguu, ndugu zake wamemfukuza kwa kuwa aliota meno ya juu kwanza, kigego. Akaingia Usambara na mbwa wake, akawinda nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu. Nyama akawagawia wenyeji, nao wakampa chakula cha shambani. Akakaa nao. Akala nao. Alipofika mji wa Vuga akamuua simba usiku, wakampa utawala, wakamwita Simba Mwene, na ukoo wake ukatawala mpaka enzi za mfalme Kimweri ye Nyumbai na baada yake. Hiyo ndiyo mgeni njoo, mwenyeji apone! Wajerumani nao walikuja, wakaupa mji wetu jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Nendeni sokoni leo mkaulize njia ya Wilhelmstal, mtazame nani atakuonyesheni. Ulizeni habari za Mbegha, hata mtoto atawasimulia.

Sasa yuko atakayesema, mwongozaji wa nini na njia inaonekana? Inaonekana mpaka ukungu ushuke. Kwenye msitu wa Magamba ukungu haupigi hodi. Umeona mti ule pale, unafunga kamba ya kiatu, ukiinua kichwa mti haupo. Na hata kukiwa kweupe, utapita chini ya mbega usijue. Mwongozaji amesikia tawi moja tu, anakushika bega: pale juu. Ndipo unawaona, weusi, mabega meupe, mikia inaning'inia. Atakuonyesha kinyonga mwenye pembe uliyetaka kumkanyaga. Atakuonyesha mti wa mkulo, akueleze kwa nini mikulo mikubwa imebaki michache. Atakufikisha kwenye vijito, uelewe kwamba mpunga wa Mombo kule chini unakunywa maji ya milima hii. Haya huyapati ukiwa dirishani mwa kosta.

Kiingilio cha hifadhi ni cha Wakala wa Huduma za Misitu. Lipeni, daini risiti. Malipo ya mwongozaji patanani kabla hamjaondoka, mbele ya wote, yasije yakawa maneno porini.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya njia ya kwenda kijiji cha Mtae, nitaikimbiza. Siku tatu kwa miguu kutoka Lushoto: unapita msitu wa Magamba, unalala Lukozi, siku ya pili unalala Rangwi kwa masista, ya tatu unafika Mtae, ukingo wa milima, hifadhi ya Mkomazi yote iko miguuni pako, na kukitakata unaiona Kilimanjaro. Njiani unakula kwa watu, unanunua karoti na viazi vikiwa bado na udongo. Masika msije na viatu vya mpira laini, utelezi utawaangusha. Mwezi wa sita na wa saba, sweta nzito, tafadhali, si kitenge. Chupa mliyoipandisha mlimani, iteremsheni.

 Anayetaka njia ya Mtae anifuate pale nje chini ya mwembe, nina karatasi na kalamu, nitamchorea.