Mwananchi Mlangoni pa Mahakama: Haki za Raia Zilivyoingia Katika Katiba ya Tanzania

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi wasaidizi wa kisheria mlioacha kazi zenu huko kwenye kata kuja kunisikiliza: wanaostahili shikamoo nawapa shikamoo zao, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie haki za raia zilizomo katika Katiba na chimbuko lake. Ukimwuliza mtu yeyote haki hizi tulizipata lini, atakuambia tulizipata na Uhuru. Sivyo. Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Katiba yake haikuwa na sura ya haki za binadamu. Nigeria ilikuwa nayo tangu 1960, Uganda ikaipata 1962, Kenya 1963. Sisi tuliikataa, tena kwa hoja.

Hoja zenyewe tuzisikilize kwa heshima, maana waliozitoa hawakuwa watu wa kudharau utu. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilisema binadamu wote ni ndugu zangu. Ila mwaka 1961 majaji wetu karibu wote walikuwa Waingereza. Viongozi wakajiuliza: Bunge la wananchi litunge sheria ya kubadili umiliki wa ardhi au ya kujenga nchi, halafu jaji wa kigeni aifute kwa kusema inavunja haki ya mtu fulani? Walihofu pia kwamba serikali changa ingefungwa mikono wakati wananchi wanasubiri shule, maji na zahanati. Tume ya Rais iliyopendekeza mfumo wa chama kimoja, iliyotoa taarifa yake mwaka 1965, ilirudia msimamo huohuo kwamba sura ya haki ingeleta mvutano kati ya mahakama na serikali. Badala yake ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966, ili mwananchi aliyeonewa na mkubwa wa serikali apeleke malalamiko yake huko.

Naielewa hofu ile, lakini siikubali, na sababu yangu ni sheria ya mwaka 1962. Uhuru haujatimiza hata mwaka, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini. Rais akitia saini, mtu anakwenda ndani bila kushtakiwa, na mahakama haina ruhusa ya kuhoji. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa ndani. Mke wa mtu aliyechukuliwa usiku angekwenda wapi? Ile Tume ya Uchunguzi ilichunguza na kumshauri Rais, na Rais ndiye aliyetia saini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wetu walikwishaonyesha, hata kabla ya Uhuru, kuwa wanajua maana ya kudai haki mbele ya dola. Wanaofundisha somo hili huanzia Uingereza mwaka 1215, mabwana wakubwa walipombana Mfalme John, wakapita Ufaransa 1789, wakafika Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la 1948. Ni historia ya kweli na inafaa kusomwa. Mimi nawaomba mwende Meru, kule Arusha. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki ili mashamba yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 1952. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Uingereza iliitawala chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, na mkataba wa Umoja huo uliruhusu watu wa nchi za udhamini kupeleka malalamiko yao. Wameru waliisoma ruhusa hiyo wakaitumia. Safari ile haikuwarudishia mashamba yao wakati ule, lakini kwangu mimi ndiyo asili ya ibara ya 30 ya Katiba yetu, inayomruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu kudai haki yake: mwananchi wa kawaida ameshika karatasi, anaiambia serikali, "Hili huna ruhusa ya kunitendea."

Sasa tuje 1983. Mwaka ule ndio wa msako wa wahujumu uchumi. Nchi ilikuwa taabani, sabuni na sukari havionekani madukani, na watu wengi walishangilia walanguzi walipokamatwa. Lakini watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye na kurudishwa nyuma iwafikie. Mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Dhamana hakuna. Kesi zilipelekwa kwenye baraza maalumu badala ya mahakama za kawaida. Mwaka huohuo Chama Cha Mapinduzi kilikuwa kimefungua mjadala wa kubadili Katiba, na wanasheria, wakiwemo wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, wakautumia kudai sura ya haki. Zanzibar nako, ambako kwa miaka mingi mawakili walizuiwa kusimama kwenye mahakama za wananchi, dai hilo lilikuwa kubwa. Wasomi wengine hutaja pia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984. Ulisaidia. Lakini wananchi wasingesema katika mjadala ule, sioni nani angeisukuma sura ya haki.

Mabadiliko ya tano ya Katiba yakapitishwa mwaka 1984, na ibara za 12 hadi 29 zikaingia. Msikie lugha yake: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Maneno machache, na hakuna haja ya wakili kukufafanulia. Ila Bunge liliongeza sharti kwamba kwa miaka mitatu, kuanzia Machi 1985, asiende mtu mahakamani kuzidai haki hizo. Serikali ilisema inahitaji muda wa kusafisha sheria zinazopingana nazo. Miaka mitatu ikaisha Machi 1988, na usafi wenyewe haukufanyika. Tume ya Jaji Mkuu Nyalali, iliyotoa taarifa yake mwaka 1992, bado ilikuta sheria 40 za kukandamiza watu.

Kazi ya kusafisha ikawaangukia wananchi wenyewe, na kesi moja nataka tuikalie kidogo, kwa sababu ilianzia Mahakama ya Mwanzo, mahali mnapopeleka watu wenu kila wiki.

Agosti 1988, miezi mitano tu tangu mlango ufunguliwe, mama mmoja wa Kihaya wa Muleba aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Amezeeka, hana wa kumtunza, na shamba ndiyo mali aliyonayo. Alimuuzia mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake mwanaukoo mwenzake akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha akitaka uuzaji huo ubatilishwe. Alikuwa na sheria mkononi. Kanuni za sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia, mama akaamriwa arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya Muleba ikatengua uamuzi ule kwa kutumia sura ya haki. Yule bwana akakata rufani, kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Februari 1990 Jaji akatoa hukumu katika shauri hili, tunalolijua kwa jina la Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamume wa Kihaya akiuza ardhi ya ukoo bila idhini ya wenzake, mauzo yanasimama, na wanaukoo wakitaka wanaweza kuikomboa kwa kulipa bei aliyotoa mnunuzi. Jaji akasema kuanzia sasa na mwanamke ni hivyohivyo, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Mwanaukoo akapewa miezi sita, alete 300,000 akomboe, au shamba libaki kwa mnunuzi. Hukumu haikuufuta ukoo wala mila. Iliondoa lile neno moja lililomfanya mama yule kuwa mlinzi tu wa mali ya wengine.

Kesi nyingine nazipitia upesi. Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilifuta kifungu kilichonyima dhamana kwa baadhi ya makosa. Upande wa serikali ulidai kwamba haki hizi hazidaiwi kwanza, kwa kuwa Bunge halijatunga utaratibu wa kuzidai. Mahakama ikakataa, ikasema utaratibu wa kawaida unatosha. Msilichukulie jambo hilo kirahisi. Kenya, mwaka 1989, Mahakama Kuu iliwafungia watu mlango kwa hoja hiyohiyo, eti Jaji Mkuu hajatunga kanuni. Wakenya walikaa na jeraha hilo mpaka walipoandika katika ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 kwamba kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu kwenda mahakamani.

Halafu Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani. Mwaka 1994, kule Dodoma, Jaji Lugakingira alikubali kwamba mikutano ya hadhara haihitaji kibali cha polisi, taarifa inatosha, na kwamba mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, aruhusiwe. Uamuzi kuhusu mikutano ukabaki. La mgombea binafsi, Bunge likabadili Katiba mwishoni mwa mwaka huohuo ili kulizima. Mtikila alirudi tena na tena, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha, ikamwambia alikuwa na haki. Mgombea binafsi bado hayumo katika Katiba yetu.

Lakini katika hukumu ile ya 1994 limo jambo ninaloliona kubwa kuliko mikutano na wagombea. Jaji aliisoma ibara ya 26(2), isemayo kila mtu ana haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi, akasema "kila mtu" ni kila mtu. Huhitaji kuwa wewe ndiye uliyeumia.

Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alipita mlango huohuo mwaka 2016. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati kijana wa kiume, bila ruhusa hiyo ya mahakama, ni 18. Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufani, ikashindwa Oktoba 2019. Miezi michache baadaye, mwaka 2020, Bunge likabadili sheria ya kudai haki za msingi, likataka mlalamikaji aape kwa hati ya kiapo jinsi yeye mwenyewe binafsi alivyoathirika. Wapo waliokwenda mahakamani kulipinga sharti hilo, na mimi niko upande wao. Binti wa miaka 14 aliyekwishaolewa kijijini, nauli ya kwenda Mahakama Kuu ataitoa wapi? Hati ya kiapo nani atamwandikia, naye anaishi nyumbani kwa mume aliyempa baba yake mahari? Sharti hilo lingekuwepo mwaka 2016, Rebeca angeapa nini?

Mwaka mmoja uliotolewa na Mahakama Kuu ulipita. Mwaka baada ya hukumu ya rufani nao ukapita, na kitabu cha sheria kikaendelea kusomeka miaka 15. Kwa hiyo mkirudi kwenye kata zenu, mzazi akija na barua ya kumwozesha binti aliye chini ya miaka 18 akakuonyesha Sheria ya Ndoa, usimwambie sheria haipo, kwa sababu ataifungua akuonyeshe. Mwonyeshe hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Oktoba 2019. Ichapishe, uwe nayo kwenye mfuko. Na mtendaji wa kata mpe nakala yake.

Ahsanteni. Sasa nipo kwa maswali, na ningependa tuanze na akina mama wa nyuma pale.