Hongo ya Barabara ya Bagamoyo

PILI: Haya jamani, karibuni. Leo ni majengo ya kutembelea nje ya katikati ya jiji la Dar. Mimi Pili, Mzaramo, na huyu anayekunywa maji kwenye maiki ni mtani wangu Shija. Jumamosi kaniacha kwenye mataa, kaenda kutalii Dar peke yake.

SHIJA: Si wewe uliyesema jua kali? Nikapanda zangu daladala mpaka Kijiji cha Makumbusho, penye nyumba za jadi za makabila, pale Kijitonyama kando ya Barabara ya Bagamoyo. Getini nikalipa hongo...

PILI: Tiketi!

SHIJA: Mnyamwezi akidaiwa hela ndani ya Uzaramo kabla hajaruhusiwa kupita, hiyo ni hongo, ule ushuru wa njia wa enzi za misafara. Babu zetu walitembea miezi na pembe za ndovu mabegani, wanakaribia kuiona bahari, ninyi mnasimama njiani: toeni vitambaa!

PILI: Barabara ina wenyewe. Mlikuwa mnakanyaga mihogo yetu bure?

SHIJA: Siku hizi angalau mnatoa risiti. Hongo imeendelea.

PILI: (anacheka) Endelea na safari, mpagazi.

SHIJA: Nimeingia kwenye tembe la Wagogo. Paa bapa, juu limesiribwa udongo, inabidi uiname. Halafu msonge wa Wahaya, nyasi toka kileleni mpaka chini. Nje unakaangika, ndani baridi.

PILI: Na nyumba ya Kizaramo?

SHIJA: Niliiona. Nikapita haraka, nisije nikadaiwa tena.

PILI: Mtani, leo utalala nje.

SHIJA: Nikatoka, nikaendelea na barabara ileile ya Bagamoyo mpaka Kunduchi. Bodaboda wa kunifikisha kwenye magofu akataja bei yake...

PILI: Usiseme.

SHIJA: Hongo ya pili. Muuza madafu, ya tatu. Lakini Pili, pale ndipo niliposimama. Msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, mibuyu, makaburi yenye nguzo ya karne ya 18, yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Hilo ndilo jengo la kwenda kuona. Kule Kijiji cha Makumbusho mnaezeka upya kila nyasi zikioza. Kijiji chenyewe kimeanza 1967. Cha kale pale ni kipi?

PILI: Hapo sikubali. Nyumba ya udongo hakuna aliyeijenga ikae miaka mia mbili. Babu yangu Kisarawe alikuwa anabadilisha makuti, anakandika ukuta mvua ikishaubomoa, na bado ilikuwa nyumba ileile. Cha kale ni ule ujuzi: nguzo zinasimamishwaje, fito zinafungwaje. Usipoezeka upya, fundi anakufa nao.

SHIJA: Basi mrekodi fundi kwa video. Mimi nataka kugusa jiwe lililowekwa na aliyeishi enzi zile.

PILI: Na hizo bakuli zako ulizikuta zote?

SHIJA: ...Nyingi zimeng'olewa. Yamebaki matundu.

PILI: Umesafiri mpaka Kunduchi kuangalia matundu!

SHIJA: Tundu nalo ni historia. Linakwambia palikuwa na bakuli, na palipita mwizi.

PILI: Tundu ni tundu. Mimi naingia kwenye nyumba, naona mlango uko wapi, wapi wanapika, wapi wanalala. Wewe unasimama kwenye kaburi unakisia.

SHIJA: Nakisia mbele ya kitu halisi. Kwako kitanda kipo lakini hakuna aliyekilalia.

PILI: Kwenye kaburi lako je, nani anaamka?

SHIJA: Pili!

PILI: Sikubali, na najua hukubali. Fundi mitambo ananionyesha dakika moja. Tulikuwa na mambo matano ya kumwambia mtu anayetaka kutembelea majengo ya nje ya katikati ya jiji...

SHIJA: La kwanza, beba chenji za hongo.

PILI: Karatasi hii hapa, hata moja hatujagusa! Nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni, hatujagusa. Nkrumah Hall kule Chuo Kikuu, Mlimani, ndiyo kabisa. Mwenye noti ya 500 ya mwaka 2010 aigeuze nyuma, ataiona.

SHIJA: Na lile zege haliezekwi kila mwaka.

PILI: Mzimieni maiki huyo.

SHIJA: Mpaka ulipie ho...