Kabla Hujaagiza Boksi la Vitabu: Kumsomesha Mtoto Nyumbani kwa Mtaala wa Kikristo

MAMA TUMAINI: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ni Mama Tumaini, niko Fort Worth, Texas, kwenye meza yangu ya jikoni. Leo sikwenda mbali kutafuta mada. Mada imeketi mbele yangu.

NEEMA: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Neema. Kweli dada, leo nimekuja na maswali yangu mwenyewe. Zawadi ametimiza miaka sita, amemaliza chekechea mwezi Mei, na baba yake na mimi tumekubaliana atasoma nyumbani. Tumeliombea jambo hili kwa muda mrefu. Lakini juzi usiku nilifungua simu nitafute mtaala wa Kikristo, mpaka saa nane niko macho. Kila ukurasa unasema wao ndio bora. Nikajaza kikapu cha dola 640, kidole kiko kwenye kulipa, nikaogopa nikazima simu.

MAMA TUMAINI: Namshukuru Mungu uliogopa. Mimi nililipa.

NEEMA: Hukuwahi kuniambia.

MAMA TUMAINI: Ni miaka minne sasa. Tumaini alikuwa na miaka saba, nikaagiza boksi zima la darasa la pili, masomo yote, mwongozo wa mzazi, kila kitu. Kampuni siitaji, vitabu vyao havikuwa vibaya. Tatizo ni kwamba niliangalia umri wa mtoto, sikumwangalia mtoto. Wiki ya tatu tukafika kwenye kutoa kwa kukopa. Arobaini na mbili toa kumi na saba. Anaandika thelathini na tano, namwambia siyo, anafuta. Anaandika tena, anafuta. Raba ikapita pale pale mpaka karatasi ikatoboka, akaweka kichwa mezani akalia bila sauti. Kile kilio cha kimya, mdogo wangu, kiliniuma kuliko angepiga kelele.

NEEMA: Ulifanyaje?

MAMA TUMAINI: Siku hiyo nilifunga kitabu. Kesho yake nikachukua maharage, nikahesabu kumi kumi kwenye vikombe vya plastiki. Vikombe vinne, na maharage mawili pembeni. Nikamwambia, naomba saba. Akatazama yale mawili, akatazama vikombe, akanyamaza. Kisha mwenyewe akachukua kikombe kimoja akakimwaga mezani. Sikusema neno. Akahesabu saba akanipa, akanipa na kikombe kimoja cha kumi, akabaki na ishirini na tano. Kumbe kote kule mtoto hakujua kwamba ile nne ya arobaini ni makumi manne. Aliona nne tu. Tulirudi nyuma karibu mwaka mzima wa hesabu, na boksi la darasa la pili likakaa kabatini.

NEEMA: Kwa hiyo unaniambia nianze kwa kumpima.

MAMA TUMAINI: Kabla ya senti moja kutoka. Mitaala mingi ina mtihani wa kupima kiwango, na mara nyingi unaupata bure. Unaweza kukuta mtoto anasoma kama wa darasa la pili huku hesabu iko chekechea. Shuleni hilo ni shida, nyumbani siyo shida hata kidogo. Unanunua kitabu cha hesabu cha ngazi hii na cha kusoma cha ngazi ile.

NEEMA: Sasa kabla ya vitabu, sheria. Mume wangu ndiyo inayomnyima usingizi. Anaogopa barua ya serikali.

MAMA TUMAINI: Ana haki ya kuuliza, hasa sisi wageni. Kwa Texas jibu ni jepesi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kesi ya familia zilizoishtaki wilaya ya shule ya Arlington, hapa jirani, kwamba nyumba inayosomesha watoto kwa dhati inahesabiwa kama shule binafsi. Masharti ni kwamba ufundishe kweli, siyo kwa kujifanya, uwe na mtaala unaoonekana, vitabu au video, na uguse mambo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Husajili popote. Hakuna mkaguzi wala mtihani wa jimbo.

NEEMA: Lakini Zawadi tayari yuko kwenye daftari la shule.

MAMA TUMAINI: Hapo ndipo wengi wanateleza. Mwezi Agosti wanaacha tu kumpeleka, shule inamhesabu mtoro, barua zinaanza kuja. Andika barua fupi ya kumtoa: jina lake, tarehe mnayoanza nyumbani, na sentensi moja kwamba mtaala wenu unafundisha hayo matano. Weka tarehe, saini, baki na nakala. Na wasikilizaji wa majimbo mengine, tafadhali msichukue haya ya Texas mkadhani ni ya kwenu. New York utaandika mpango wa masomo na kupeleka ripoti kila robo mwaka.

NEEMA: Na walio Ujerumani?

MAMA TUMAINI: Ujerumani sheria inataka mtoto awe shuleni, kusomesha nyumbani kwa ujumla hairuhusiwi. Nyumbani Afrika Mashariki nako tusidanganyane. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Anayetaka njia hii kule aanze kwa mwanasheria, siyo kwa podikasti yetu.

NEEMA: Haya, mitaala yenyewe. Nilikutana na ile ya vitabu vidogo vidogo, ACE, yaani Accelerated Christian Education.

MAMA TUMAINI: Hiyo ilizaliwa hapa hapa Texas, mwaka 1970. Badala ya kitabu kimoja kinene, kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka. Mtoto anasoma mwenyewe, anajiwekea lengo la kurasa ngapi kwa siku, anasahihisha mwenyewe kwa kitabu cha majibu, na hapiti kijitabu bila alama 80 kwa mia. Kwa mtoto anayependa utaratibu, na mzazi mwenye watoto wanne, inasaidia sana. Lakini mtoto wa miaka sita anayejifunza kwa kuongea na kugusa atachoka kujaza nafasi. Mimi kwa Zawadi, ninavyomjua, nisingeanza nayo.

NEEMA: Yule hanyamazi dakika mbili.

MAMA TUMAINI: Basi huo mdomo ni mali, utumie. Abeka ya Pensacola, Florida, ina nguvu kwenye sauti za herufi, mtoto anasoma mapema, ila ina kazi nyingi za kuandika, na ukitaka kufanya kila kitu kilichopo utamchosha. Halafu kuna njia ya Charlotte Mason, mwalimu wa Kiingereza aliyefariki 1923. Vipindi vifupi, dakika 10 au 15 kwa watoto wadogo, unamsomea kitu kizuri mara moja, kisha anakusimulia kwa maneno yake. Hamna maswali ya kujaza.

NEEMA: Hiyo si ndiyo ya bibi? Hadithi, hadithi!

MAMA TUMAINI: Hadithi njoo! Ndiyo hiyo hiyo. Bibi yangu kule Moshi alikuwa akimaliza, kesho yake anakwambia, haya nihadithie wewe. Ukikosea mahali pa fisi, anakurudisha. Nilipoanza njia hii na Tumaini niliona siigi kitu cha watu.

NEEMA: Mimi ni Mkatoliki, dada, na hili nimelikuta mwenyewe kwenye kurasa za mfano: vitabu vingine vya historia vinawazungumzia Wakatoliki kwa maneno makali sana. Siwezi kumpa Zawadi kitabu kinachomfundisha kwamba babu yake aliyemlea kwenye Rozari hakumjua Kristo.

MAMA TUMAINI: Na usimpe. Neno "mtaala wa Kikristo" kwenye jalada halitoshi. Nani kauandika? Kanisa gani? Sisi Walutheri wa KKKT nasi tunakuta mambo ya ubatizo wa watoto yameandikwa tofauti na tunavyofundishwa. Soma kitabu cha Biblia na cha historia mwenyewe kwanza, hata kurasa 20. Kwenu Wakatoliki ipo Seton ya Front Royal, Virginia, itazame. Hesabu haina dhehebu, hiyo nunua popote.

NEEMA: Na Afrika? Maana nilipofungua orodha ya historia, Afrika inakuja pale mmisionari anaposhuka melini. Kabla ya hapo hatupo.

MAMA TUMAINI: Hapo umegusa. Niliyaona kwa Tumaini darasa la tatu. Aliniuliza, "Mama, sisi tulimjua Yesu baada ya Wamarekani?" Nikaacha kuosha vyombo.

NEEMA: Ukamwambia nini?

MAMA TUMAINI: Tulifungua Matendo ya Mitume sura ya nane, yule Mwethiopia garini anasoma Isaya. Nikamwonyesha Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, kwenye ramani, na mfalme wake Ezana, karne ya nne, msalaba uko kwenye sarafu zake. Tukaenda kwa Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 mahali ambapo leo ni Algeria. Mwezi mzima tuliacha kitabu cha historia pembeni. Tangu hapo kila mwaka nina daftari langu la Afrika linalokwenda sambamba na mtaala.

NEEMA: Mimi yangu itaanza Bagamoyo. Bibi mzaa mama alitoka upande ule. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868, wakawa wanawakomboa watu waliouzwa utumwani, watoto wengi. Zawadi akijua hilo, akifika kwenye habari za utumwa hapa Marekani atakuwa na mahali pa kusimama. Na Mashahidi wa Uganda, waliouawa kwa imani yao. Kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka kanisani.

MAMA TUMAINI: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, kati ya 1885 na 1887, wengi wao vijana tu wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Hapo mimi na wewe tunafundisha somo moja bila kugombana.

NEEMA: Kizito alikuwa mvulana wa miaka kama 14. Hilo nitasubiri akue kidogo.

MAMA TUMAINI: Subiri. Usiwahi. Na Kiswahili umekipanga wapi?

NEEMA: Nilifikiri baadaye, akishakaa vizuri kwenye Kiingereza. Mwalimu wake wa chekechea alinishauri hivyo.

MAMA TUMAINI: Kwa heshima yote, usimsikilize kwa hili. Fikiria mwenyewe: ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa. Mtoto akishajua silabi, ndani ya wiki chache anasoma neno zima, "baba", "meza", "kikombe", na anajua kwamba kusoma kunawezekana. Ndipo unamwingiza kwenye Kiingereza ambako "ough" moja inasomwa kwa namna sita au zaidi. Binti yangu mdogo nilianza naye kwa Kiswahili. Silabi nilizikata kwenye maboksi ya nafaka za asubuhi. Alipofika kwenye Kiingereza hakuogopa, alikuwa amechukia tu kwamba hakifuati kanuni.

NEEMA: Na Biblia iwe kwa Kiswahili?

MAMA TUMAINI: Kwangu Biblia ni Kiswahili, asubuhi, kabla ya yote. Ukitaka sababu ya kihistoria, Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akamzika mke wake na mtoto, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Watoto wangu wanaijua habari hiyo. Wanajua kwamba kurasa wanazosoma ziligharimu kitu. Na kuna sababu nyingine, ya kawaida: bibi yao akipiga simu ya video Jumapili, wanamsomea, naye anaelewa.

NEEMA: Muda sasa. Mimi nina zamu ya usiku Ijumaa mpaka Jumapili kwenye nyumba ya wazee, na mume wangu yuko barabarani na lori siku nne. Saa saba za shule nitazitoa wapi?

MAMA TUMAINI: Hakuna anayekudai saa saba. Shuleni zile saa zina foleni, chakula, basi, kungoja wenzako watulie. Mtoto wa miaka sita mmoja na mama yake, saa moja na nusu mpaka mbili za mezani zinatosha. Biblia, kusoma, hesabu, kuandika mistari michache. Baada ya hapo maktaba ya mji, kadi ni bure, bustani, kupika, kusimuliwa. Unatoka zamu Jumatatu asubuhi? Lala. Anza saa tano. Au Jumatatu isiwe siku ya shule, iwe Jumamosi mchana na baba yake.

NEEMA: Sikuwahi kuwaza kwamba Jumamosi inaweza kuwa shule.

MAMA TUMAINI: Ni nyumba yako. Na wasikuambie hatapata marafiki. Tafuta familia zinazokutana mara moja kwa wiki, kila mzazi anafundisha anachokijua. Sisi hukutana Alhamisi ukumbi wa kanisa. Kuna baba mmoja Mkongo anawafundisha ngoma na Kifaransa, watoto wanamsubiri mlangoni.

NEEMA: Basi kikapu changu nimekipunguza hapahapa nikikusikiliza. Kitabu cha hesabu kimoja baada ya kumpima, cha sauti za herufi za Kiingereza kimoja, tena nitatafuta cha mtumba. Katekisimu ninayo. Biblia ya Kiswahili ninayo, ya mama yangu, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi.

MAMA TUMAINI: Hiyo ndiyo yenyewe. Meza umeiweka wapi?

NEEMA: Dirishani, upande wa jua. Miguu yake haifiki chini, nimemwekea boksi la kukanyagia.

MAMA TUMAINI: Na barua ya shule?

NEEMA: Naiandika leo usiku, mume wangu atie saini akirudi kesho. Tunaanza Jumanne ijayo, saa tatu.

MAMA TUMAINI: Nipigie saa tatu kasoro robo, tuombe pamoja. Mlete na Zawadi kwenye simu, nimsikie.