Msumari wa Mpapai Dume

Wazee wangu shikamooni. Vijana, mambo? Nimekuja na mapapai mawili ya Soko la Temeke na tawi hili la maua. Skrini sijaleta, na nina sababu.

Niliwahi kuitwa na kikundi cha kina mama Mbagala, nikawaanzishia usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Nikachora, nikataja Kilatini. Hazikupita dakika kumi, nusu wanapiga miayo, nusu wako kwenye simu. Nikauliza nani ana swali. Bibi mmoja akasema, "Mwanangu, mpapai wangu mwaka wa pili huu, maua tele, tunda hata moja. Niupige msumari?"

Ukumbi ukaamka! Huyu anasema msumari ndio dawa, yule anasema ukate kilele, mwingine ati uufunge kanga uone haya. Nikaifuta ile michoro.

Mpapai una jinsia tatu: dume, jike na huntha, yaani ua moja lina vyote viwili. Tawi hili ni la dume. Tazameni: kikonyo kirefu, vijiua vyembamba vingi. Nikichana kimoja, chavua hii hapa kidoleni, ila pa kukulia tunda hapakukamilika. Ua la jike ni nene, limeng'ang'ania shina. Papai hili la mviringo aghalabu ni la jike. Hili refu, la huntha. Kina mama wale waliniuliza wenyewe nani anapanga jinsia, ndipo neno kromosomu, vile vijiuzi vya urithi ndani ya seli, likaingia bila kulazimishwa. Mwaka 2004 watafiti walieleza kuwa mpapai una kromosomu Y, ile ya udume, changa mno ikilinganishwa na ya binadamu.

Na msumari? Kuna madume ambayo hali ya hewa ikibadilika hutoa maua kamili, yakazaa vipapai vinavyoning'inia kama hereni. Ikitokea baada ya msumari, sifa zote zinakwenda kwa mwenye nyundo.

Sikumkatalia bibi. Alikuwa na madume mawili, nikamwambia: mmoja upige, mwingine uuache, kisha tuhesabu. (Wanasayansi wenzangu, hiyo mnaijua jina lake, yeye hakuhitaji jina.)

Baada ya miezi minne akanipigia simu. Yote miwili, patupu. Ameshaikata, na safari hii kila shimo amepanda miche mitatu: akiona maua atachagua wa kubaki. Kisha akaniuliza kuhusu mlimau wake.